Kengele ya Vumbwe na Watu wa Ng'ambo

Mpiga kengele humwuliza aliye ng'ambo.

Asubuhi hii mlimsikia mama wa jikoni akimwambia mwenzenu maneno hayo, pale mwenzenu alipokuwa akisimulia jinsi semina yake ya vijana ilivyofana. Mwenzenu alicheka, akadhani anasifiwa. Ninyi wengine mmenifuata kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Umetoka usharikani kwetu Vumbwe, nami nilikuwepo ulipozaliwa. Ulianza hivi.

Kanisa la Vumbwe liko juu mlimani, huku kwetu Upare. Mbele yake inapita barabara ya magari. Nyuma yake ardhi inakatika ghafla, inashuka mpaka mtoni, kisha inapanda tena. Huko inakopandia ndiko Ndiveni, mtaa wa mwisho wa usharika wetu. Ukisimama nyuma ya kanisa siku ya jua unayaona mabati ya Ndiveni, na ukiwa na macho mazuri unaweza hata kuhesabu mbuzi wao. Lakini kwa miguu ni mwendo wa saa nzima.

Zamani kengele yetu ilikuwa nyuma ya kanisa, imetundikwa kwenye nguzo mbili za mti ukingoni mwa mteremko. Nguzo zilikuwa zimepinda, na kengele haikuwa na paa. Watu wa Ndiveni waliishi kwa kengele hiyo. Ya kwanza ikilia, walifunga milango. Ya pili iliwakuta wamevuka mto, na ya tatu iliwakuta wakijifuta matope mlangoni mwa kanisa. Saa za mkononi kule zilikuwa mbili tu. Moja ilikuwa ya mwalimu, na mwalimu akahamishwa. Nyingine ilikuwa ya Mzee Kanankira, mzee wa kanisa wa mtaa ule, nayo haikwenda mpaka itikiswe.

Mchungaji Zefania Mgonja alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na minane, miezi mitatu baada ya kubarikiwa kuwa mchungaji. Mimi nilikuwa mwinjilisti wake. Alikuwa kijana wa kazi. Aliwatembelea wagonjwa bila kuitwa, hakuwa mkali kwa watoto, na mahubiri yake hayakuwa marefu. Nasema haya mapema ili nitakapofika kwenye kosa lake msije mkamdhania mtu wa majivuno. Hakuwa hivyo.

Kama ninyi, naye alikuwa katika mafunzo ya wachungaji wachanga. Yalikuwa ya miaka mitatu, na kila baada ya miezi mitatu walikusanyika kwa siku tatu, kisha wakarudi kazini na zoezi la kufanya. Aliyewafundisha uongozi alikuwa Mama Ndeshukurwa, mkuu wa wauguzi mstaafu. Mwanzoni baadhi yao walinung'unika, wakisema muuguzi atatufundisha nini sisi. Mama hakujibizana nao. Aliwaambia tu kwamba hospitalini kwake, muuguzi aliyepandishwa cheo alilazwa kwanza kwenye kitanda cha mgonjwa tangu asubuhi hadi saa sita, aitazame dari na kusikiliza viatu vya wauguzi vikipita bila kusimama.

Mwaka wa kwanza zoezi lilikuwa hili: kila mmoja achague kazi moja itakayoonekana, aifanye pamoja na washarika mpaka iishe. Mchungaji Zefania alichagua mnara wa kengele. Aliona aibu kuiona kengele ya Bwana ikinyeshewa kwenye nguzo zilizopinda, na kwa kweli hata sisi tuliona aibu alipotuonyesha. Tukajenga mnara wa matofali mbele ya kanisa, kando ya barabara, wenye madirisha manne madogo na paa la bati jekundu. Mchanga ulitoka mtoni. Na kwa kuwa mto uko karibu na Ndiveni kuliko Vumbwe, watu wa Ndiveni ndio walioubeba, wanawake kwa ndoo na wanaume kwa magunia, wiki tano.

Siku ya kuuzindua Mchungaji alisimama chini ya mnara akasema, "Tangu leo, sauti hii itafika Ndiveni na kupita!" Tulipiga makofi. Watu wa Ndiveni walipiga makofi kuliko sisi.

Kengele ikalia. Sisi wa Vumbwe tuliziba masikio, tukacheka kwa furaha. Tangu hapo Mchungaji alipenda kuivuta kamba mwenyewe, hasa Jumapili.

Baada ya hapo watu wa Ndiveni wakaanza kuchelewa. Ibada ilifika kwenye somo la pili ndipo unasikia miguu mlangoni. Jumamosi ilikuwa mbaya zaidi. Siku hiyo tulikuwa na darasa la kipaimara. Kengele ililia saa mbili, somo likaanza saa tatu, na watoto saba wa Ndiveni waliingia saa tatu na nusu, siku nyingine saa nne, wakihema na kulowa mpaka magotini. Mchungaji aliwaonya kwa upole mara nyingi. Mwisho akaweka kanuni: atakayechelewa mara kumi hatapata kipaimara mwaka huo, atarudia darasa. Mimi ndiye niliyeshika daftari, na niliandika kila siku nilichokiona.

Mzee Kanankira alijaribu kusema. Katika baraza la wazee alisimama akaanza, "Mchungaji, kule kwetu kuna jambo la kengele..."

"Mzee wangu," Mchungaji akamwambia kwa heshima, "hilo tuliweke kwenye mengineyo."

Nanyi mnayajua mengineyo. Tulipoyafikia wazee walikuwa wameshavaa kofia, mvua inakuja, na mtu ameanza sala ya kufunga. Kikao kilichofuata ilikuwa vilevile. Kikao cha tatu Mzee Kanankira hakuinua mkono. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao. Niliandika neno "kengele" kwenye mengineyo mara mbili kwa mkono wangu, wala sikumwuliza mzee ni kengele gani na imefanya nini.

Basi ikafika mwaka wa pili wa mafunzo, majuma machache kabla ya Pentekoste, siku ambayo askofu angekuja kuwabariki watoto. Mama Ndeshukurwa aliwauliza wachungaji mmoja mmoja, "Ni akina nani wanaokusumbua zaidi usharikani?"

"Watu wa Ndiveni," Mchungaji Zefania akajibu. "Ni watu wazuri, Mama, lakini ni wavivu. Wanachelewa."

"Wanachelewa wapi?"

"Kila mahali. Ibadani, darasani. Nimewaonya mpaka nimechoka."

"Umeshachelewa pamoja nao?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakuelewa swali. Mama akamwandikia zoezi lake: alale Ndiveni, aamke nao, aende nao kanisani kwa miguu yao. Asiongoze ibada ya nyumbani, asikague kitu, asivae kola. Na saa yake ya mkononi aiache nyumbani.

Alikwenda Ijumaa alasiri. Darasa la Jumamosi na kamba ya kengele aliniachia mimi. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na orodha ya watoto wa kipaimara, ambayo Jumatatu ilipaswa kufika ofisi ya jimbo. Watoto walikuwa kumi na tisa. Saba wa Ndiveni alikuwa amewakata kwa kalamu nyekundu, kwa maana kila mmoja wao alikuwa amefikisha mara kumi. Aliona heri awaambie wazazi yeye mwenyewe, uso kwa uso, kuliko wasikie majina yakisomwa kanisani. Alitaka kuwaambia Jumamosi jioni. Hivyo alidhani anamaliza kazi mbili kwa safari moja.

Walimpokea kwa Mzee Kanankira. Wakampa makande na maziwa. Ukutani, juu ya kiti walichomketisha, palikuwa na gauni jeupe limetundikwa kwa msumari na kufunikwa kwa kanga lisipate moshi.

"La Nakijwa hilo," mke wa Mzee Kanankira akamwambia. Nakijwa alikuwa mjukuu wao. "Tumeshona yote saba kwa kitambaa kimoja, Mchungaji, ili pasiwe na aliyependeza kuliko mwenzake. Wavulana mashati, wasichana magauni. Fundi amemaliza juzi."

Baadaye Mchungaji aliniambia kwamba aliacha kula. Mkoba ulikuwa miguuni pake. Aliusukuma chini ya kiti kwa kisigino.

Jumamosi kulipambazuka na ukungu. Aliposikia sauti nje alitoka, akawakuta watoto wote saba wamekaa kwenye mawe ukingoni mwa mteremko, wamekoga, wamepaka mafuta, madaftari yao wameyafunga kwenye mifuko ya nailoni. Pamoja nao alikuwepo Bibi Nakundwa, kikongwe wa mtaa ule, amejifunika blanketi, anatazama kwenye ukungu kama mtu anayesubiri gari.

Mchungaji akakaa nao. Alijipapasa mkono kutafuta saa, akakumbuka hana. Wakakaa. Wakakaa sana.

"Mbona hatuondoki?" akauliza.

"Tunasubiri, Mchungaji," Nakijwa akajibu.

"Mnasubiri kengele?"

Watoto wakatazamana. Mmoja akacheka, mwenzake akamfinya.

"Mchungaji, njoo unywe chai, inapoa," Mzee Kanankira akaita kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu anayetaka kubadilisha habari.

"Nitakunywa, Mzee. Nataka kwanza niisikie kengele nikiwa huku."

"Utazeeka," akasema Bibi Nakundwa.

"Bibi!" Mzee Kanankira akamkemea.

"Bibi nini? Nimesema uongo?" Kikongwe hakugeuka, aliendelea kutazama kwenye ukungu. "Baba, kengele tuliibebea mchanga ijengewe nyumba. Nyumba ikajengwa. Sasa imo ndani, imelala."

Mchungaji akamtazama Mzee Kanankira. Mzee akatazama chini.

"Haisikiki kabisa?"

"Upepo ukitoka kule, siku moja moja, tunasikia kama kijiko kwenye kikombe," Mzee akasema polepole. "Kanisa lenyewe limesimama katikati, Mchungaji. Sauti inakwenda barabarani. Wanaisikia wapita njia."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Mzee hakutaka kusema kwamba alijaribu. Akasema tu, "Siku ile ulisema mbele ya watu kwamba itafika na kupita. Tukarudi nyumbani tukashauriana. Tungesema haifiki, tungekuwa tumemfanya mchungaji wetu mwongo, na mnara tumeubeba vichwani wenyewe. Tukasema tutajitahidi."

"Na mnajuaje wakati?"

"Mimi ndiye saa," Bibi Nakundwa akasema. "Nawatazama wenzao. Nikiona nguo zimejaa kwenye uwanja wa kanisa, napiga kelele, hawa wanakimbia. Ukungu ukiwepo, saa imesimama."

Ndipo Mchungaji alipoelewa. Wale watoto hawakuondoka nyumbani mpaka wenzao wawe wameshafika. Wasingeweza kuwahi hata wangekuwa na mbawa. Mara zote kumi walizoandikwa, walikuwa wamekaa pale tayari tangu alfajiri.

Ukungu ulipofunguka, Bibi alipiga yowe. "Uwanja mtupu! Wameshaingia! Kimbieni!"

Watoto wakaruka. Mchungaji naye akanyakua mkoba akawafuata. Wanasema aliteleza mara mbili kabla ya mto na mara moja ndani yake, na kwamba Nakijwa alimshika mkono kumvusha huku akisema, "Pole Mchungaji, jiwe hilo humwangusha kila mtu." Mlima wa kupanda Vumbwe ulimtoa jasho mpaka shati likamganda mgongoni.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa darasa na daftari. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Niliona vichwa vya Ndiveni vikitokea nyuma ya kanisa, nikakasirika. Siku ile nilikuwa nimeivuta kamba kwa nguvu zangu zote, kwa sababu Mchungaji yuko kule, nami nilitaka aisikie vizuri.

"Ndiveni! Leo tena?" nikawaambia. "Na Mchungaji amelala kwenu? Kengele nimeivuta mpaka viganja vinawaka. Mnataka nije niwapigie masikioni?"

Nikaanza kuandika. Nakijwa, amechelewa. Wa pili, amechelewa. Nilipomaliza wa saba nikaona kiatu kimejaa matope kimesimama mbele yangu. Nikainua macho. Sikumtambua mara moja, bila kola na uso umelowa vile.

"Mwinjilisti," akasema akihema, "niandike na mimi."

Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka. Alingoja mpaka nikaandika: Mchungaji Zefania Mgonja, amechelewa. Kisha akachukua kalamu yangu, akatoa ile orodha mkobani, akaiweka juu ya daftari na kuyaandika upya majina saba pembeni mwa wino mwekundu, jina moja moja, kwa mwandiko mzuri. Watoto walikuwa wamesimama pale hawajui anaandika nini. Hawakujua siku ile, na nadhani wengine hawajajua mpaka leo. Siku ya Pentekoste walipiga magoti wote kumi na tisa mbele ya askofu, na hakuna aliyependeza kuliko mwenzake.

Lakini kabla ya hapo ilibidi tukae baraza. Mchungaji aliliweka jambo la kengele namba moja, mbele ya kumbukumbu za kikao kilichopita, na akamwomba Bibi Nakundwa aje, ingawa hakuwa mzee wa kanisa. Vijana walimbeba kwa zamu.

Haikuwa rahisi. Mzee Elifuraha, ambaye nyumba yake inapakana na kanisa, alisimama kwanza. "Jamani, kengele hiyo ikilia mimi meno yanagongana. Itakosaje kusikika? Kama watu wa Ndiveni wana shida, wanunue saa."

"Nami naungana naye," akasema mwingine. "Tumejenga mnara, watu wanaupiga picha. Leo kengele itoke mnarani irudi kwenye vijiti? Tutachekwa."

"Mpigaji mwenyewe aseme," akadakia wa tatu. "Mchungaji, wewe ndiye unayeivuta. Ina sauti au haina?"

Wote tukamgeukia. Mnara ulikuwa wake. Ulikuwa kazi yake ya kwanza, na picha yake ilitundikwa kwenye ukuta wa darasa la Mama Ndeshukurwa. Akafungua mdomo, lakini Bibi Nakundwa akamtangulia.

"Mnamwuliza yeye nini?" akasema. "Mtoto wa watu kichwa chake kimo ndani ya kengele, atasikia nini tena zaidi ya kengele? Mpiga kengele haulizwi. Yeye ndiye aulize. Na amwulize aliye ng'ambo, si huyu Elifuraha anayelala chini yake."

Watu walicheka, na Mzee Elifuraha akacheka nao, kwa sababu ni kweli alilala chini yake.

"Bibi amesema," Mchungaji akasema. "Nilivuta kamba mwaka mzima. Kadiri nilivyoisikia zaidi, ndivyo nilivyowalaumu zaidi wasioisikia. Mnara ubaki, utatufaa kwa kuwekea viti. Kengele itoke."

Jumatano alasiri tulikwenda watu kumi na wawili. Tuliiteremsha kwa kamba, tukaizungusha nyuma ya kanisa, tukasimamisha nguzo mpya mbili pale pale ukingoni. Mzee Elifuraha alileta mbao zake mwenyewe akaijengea kipaa kidogo kisicho na kuta. Tulikuwa tumepatana na watu wa Ndiveni kwamba wakiisikia wachome majani mabichi, tuone moshi.

Mchungaji akaishika kamba, akavuta. Sauti ilitoka. Kwa masikio yetu ilikuwa ndogo kuliko ya mnarani, haikututetemesha hata kidogo. Mzee Elifuraha akanong'ona, "Si mnaona? Imefifia." Mchungaji alivuta mara tisa, kisha akaiachia kamba. Hakututazama sisi tuliosimama naye, wala hakutuuliza imekuwaje. Aligeuka akatazama bonde.

Nasi tukageuka naye. Nakumbuka kuku mmoja tu ndiye aliyekuwa akilia. Kisha juu ya mabati ya Ndiveni moshi mweupe ukapanda, mmoja, halafu wa pili, halafu kila nyumba.

Mpiga kengele humwuliza aliye ng'ambo.